Mwanaume Pekee wa Nyumba Yetu

Mwezi uliopita nililia mbele za watu, mtu mzima mimi, nimekalia kreti la nyanya, kwa sababu ya harufu ya farasi aliyelowa.

Kazi yangu ni kupeleka mboga. Nanunua sokoni Mugumu, napakia kwenye kirikuu, nashusha kwenye kambi moja ya watalii upande wa Natta, kisha narudi nyumbani kupika. Kambi ile ina farasi wa kupandwa na wageni. Siku zote huwaona kwa mbali, warefu, wanang'aa, hata nzi naona wanawaogopa. Siku hiyo mvua ilitukuta tukishusha mizigo, tukakimbilia banda la karibu, na kijana anayewatunza akaingia nyuma yetu akimvuta farasi mmoja mwekundu. Akachukua gunia, akaanza kumkausha shingo taratibu huku akimsemesha Kinata. Jamani! Farasi wa gharama zile, sijui hata katoka nchi gani, anapewa habari za kijijini kwa Kinata na sikio kalitega! Ndipo harufu ikanifikia. Jasho, vumbi lililolowa, majani yaliyotafunwa nusu. Machozi yakaja bila kubisha hodi.

"Dada, amekutisha?" kijana akauliza.

"Hajanitisha. Nimemkumbuka baba."

Akanitazama, akamtazama farasi, akaendelea kukausha. Ana adabu zake yule kijana, hakuchimba zaidi, nami sikumweleza. Ninyi nawaeleza, hasa wa rika langu, mliokua kabla pikipiki hazijajaa kila mji. Mkitaka kucheka, chekeni, hata mimi nacheka.

Nilizaliwa kwenye nyumba ntobhu. Wa kwetu hawahitaji maelezo, ila kwa wengine niseme: mjane ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa mke, ili nyumba yake isizimike. Bibi yangu, Bibi Wegesa, alizaa mabinti watupu. Wakaolewa, ng'ombe wakaingia zizini, na kwa ng'ombe haohao akamwoa mama yangu kwa heshima zote, wazee wa ukoo wakishuhudia. Mama akahesabika mke wa mtoto wa kiume ambaye Bibi hakumzaa. Mwanaume aliyenizaa kwa mwili alikuwepo mahali fulani, lakini hilo kwetu haliulizwi. Kumuuliza mtoto wa nyumba ntobhu baba yake ni nani ni tusi zito, watu wamewahi kushikiana mapanga kwa swali hilo. Mtoto ni wa nyumba, basi.

Sasa mtoto wa miaka sita atayajulia wapi hayo? Mimi nilichoona ni kwamba jioni wenzangu tuliokuwa tukicheza nao walikatisha mchezo na kukimbia, "Baba huyo! Baba huyo!", na mimi nikabaki nimesimama na mpira wa matambara mkononi. Nikamuuliza mama, baba yangu yuko wapi. Mama akasema niende kwa Bibi. Nikaenda. Bibi alikuwa akipepeta mtama, hakuinua hata kichwa.

"Baba yako ni mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Sikumzaa."

Akaendelea kupepeta kana kwamba amenijibu. Na kwa mila alikuwa amenijibu kweli, tena jibu kamili. Ila mimi niliondoka pale na kitendawili chote kichwani, nikaanza kumtafuta baba yangu humo humo ndani ya mji wetu.

Sikuchukua muda kumpata.

Tulikuwa na punda dume, anaitwa Sirari, kwa sababu Bibi alimnunua mpakani Sirari kwa mfanyabiashara wa upande wa Kenya na kurudi naye kwa miguu. Alikuwa wa kijivu, ana mstari mweusi mgongoni, na sikio la kushoto limechanika ncha. Kiswahili chake kilibaki cha kulekule alikotoka. Ukimwambia "nenda" alikutazama tu. Ukimwambia "songa bana," huyo, ameondoka. Bibi, ambaye Kiswahili chenyewe alikiongea kwa kukilazimisha, hilo "songa bana" alilitamka vizuri kuliko neno lolote.

Hebu nitazameni nilivyofikiri. Kwa wenzangu, baba ndiye anayetoka alfajiri na kurudi na mzigo. Kwetu aliyetoka alfajiri ni Sirari, akashuka Mto Mara na mama, akarudi na madumu ya maji ubavuni. Kwa wenzangu, baba akifika watu wanaacha kazi kumpokea. Kwetu, Sirari akionekana kilimani Bibi alinipigia kelele nikamfungue kamba, nimfute jasho, na pumba zake zilikuwa tayari kabla ya ugali wetu. Kwa wenzangu, baba analala upande wa mlango na rungu. Sirari alilala nje ya mlango wetu, na fisi akipita mbali alilia kwa sauti iliyotuamsha wote, na fisi pia. Baba wa kwa jirani yetu Chacha hapigwi na mtu. Sirari naye kwetu hapigwi, Bibi alikataza fimbo kabisa.

Na kulikuwa na jambo jingine lililonimaliza. Jioni nyingine, mama akishamaliza kazi, alikwenda kusimama karibu naye, akaegemeza paji la uso kwenye shingo yake, akakaa hivyo kimya. Wakati mwingine mabega yalimcheza. Sirari hakusogea hata mguu. Alishusha kichwa tu, akampulizia pumzi mkononi, akangoja hadi mama amalize. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo ilivyo. Kwa nini hawaniambii wazi? Basi na mimi nikaweka siri. Nikawa namwamkia kila asubuhi, shikamoo, kwa sauti ndogo, na akitikisa masikio nilihesabu ameitikia. Nilimpenda, nasema wazi. Nilimpenda punda yule kwa moyo wangu wote.

Aliyekuwa hampendi ni Marwa. Marwa alikuwa mtoto wa mdogo wake marehemu babu, yaani kwa hesabu za ukoo ni ndugu wa huyo baba yangu asiyezaliwa, na mimi nilipaswa kumwita baba mdogo. Nilijaribu mara moja, akaniambia nimwite Marwa inatosha. Sababu yake aliijua kila mtu. Kama Bibi asingeoa, zizi lile lingekuwa lake. Mama alipoletwa, Marwa akapoteza zizi, na mimi nilipozaliwa akapoteza na matumaini. Alikuja kwetu siku za kuchinja tu, akala, akapangusa mdomo, akaanza hadithi ya pikipiki.

"Mama mkubwa, punda wa nini zama hizi? Tumuuze, na mimi niongezee, tununue pikipiki. Maji yatakuja kwa pikipiki, mahindi yatakwenda mashineni kwa pikipiki."

"Ikiishiwa mafuta nitailisha majani?" Bibi akamuuliza.

"Mama mkubwa na wewe!"

"Na siku nikianguka njiani, itasimama pembeni yangu inisubiri?"

Marwa alicheka kwa pua, akaomba mfupa mwingine.

Kiangazi cha mwaka huo, wakati hata majani ya kandokando ya mto yalikuwa yamekauka, Bibi akashikwa na tumbo. Alilala akijinyonga siku nzima, na tulipoona anatapika nyongo tupu, majirani wakambeba hadi barabarani, gari likampeleka hospitali Mugumu. Ikawa upasuaji. Mama alirudi mara moja tu kuchukua nguo na unga wa uji, aende kumuuguza. Mimi akaniacha kwa jirani yetu Mama Chacha. Kisha mama akamwita Marwa pembeni.

"Shemeji, nakuachia punda. Mpeleke maji tu, majani Bhoke atamkatia," akasema akininyooshea mimi kidole.

"Nenda salama, shemeji," Marwa akasema. "Mimi niko."

Aliyasema vizuri kweli, hadi Mama Chacha akamsifu.

Siku ya mnada Marwa akaja asubuhi, kavaa shati lake la kanisani, kachomekea. Nikamwona anamfunga Sirari kamba. Sirari akakita miguu. Marwa akavuta, Sirari akatulia. Marwa akaenda nyuma akasukuma, Sirari akatulia. Akamtukana matusi ya Kikurya ambayo siyaandiki hapa, akaokota fimbo.

"Hapigwi!" nikapiga kelele.

"Sasa anaendaje, mbwa huyu?"

"Anaambiwa."

Nikasogea, nikamwambia sikioni, songa bana. Sirari akanyanyua miguu, tukaenda. Marwa akakuna kichwa. "Haya, basi twende wote," akasema. "Tunampeleka kuchanjwa. Wewe utamwongoza."

Mnajua nilijisikiaje? Mama na Bibi hawapo, mimi ndiye niliyeachiwa kumpeleka baba kwa daktari. Njia nzima nilitembea mbele nimenyoosha shingo, kamba begani, nikimsimulia kwamba sindano haiumi sana, ajikaze, nami nitamshika. Yeye akanifuata nyuma, pua yake karibu na kisogo changu, bila hata kuvutwa.

Mnadani palijaa. Ng'ombe wanalia, vumbi limesimama, moshi wa nyama kila upande, watu wamekaa kwenye mabenchi wanakunywa kichuri, ile supu chungu ya matumbo, na kutoa jasho. Mwishoni kabisa palikuwa na lori, na ndani yake punda wamebanwa kichwa na mkia, wote kimya. Mtu mmoja mgeni, si wa kwetu kwa maongezi, akamzunguka Sirari, akamfunua midomo, akasemezana na Marwa, kisha akachovya kijiti kwenye kopo la rangi, akampiga alama nyekundu kwenye paja.

"Ndiyo chanjo?" nikamuuliza Marwa.

"Ndiyo. Kacheze kule."

Sikwenda kucheza. Niliona punda mwingine mwenye alama kama ile akisukumwa kupanda lori, magoti yanamgonga, watu wawili wanamsukuma makalio. Karibu yangu alikuwa amekaa kikongwe mmoja anauza ugoro, kautandaza kwenye kitambaa.

"Shikamoo, bibi. Wale punda waliochanjwa wanapelekwa wapi?"

"Marahaba. Waliochanjwa!" Akacheka hana jino. "Wanakwenda kuchinjwa, mjukuu wangu. Ngozi zao zina wanunuzi."

Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka nimening'inia kwenye shingo ya Sirari, mikono haikutani, miguu haigusi chini, napiga kelele hadi koo linawaka. Mnunuzi akakasirika, analo lori la kujaza.

"Mzee, mchukue mtoto wako, tunapakia," akamwambia Marwa.

"Mimi si mtoto wake!" nikasema.

"Basi baba yako nani? Yuko wapi aje akuchukue?"

Yeye ni mgeni, hakujua amesema nini. Ila mimi nilishangilia swali, maana jibu nilikuwa nalo.

"Huyu hapa! Baba yangu ni huyu! Msimchinje baba!"

Kicheko kilichopigwa mnada ule, sijawahi kukisikia tena. Kilianzia kwa wapakiaji, kikaenda kwa wauza ng'ombe, kikafika kwenye mabenchi ya kichuri, mtu mmoja akamwaga bakuli lake lote mapajani. Watu wanashikana mabega. "Punda! Kasema baba yake ni punda!" Mimi nimefumba macho, nimeng'ang'ania. Sirari hakuruka wala kurusha teke katika kelele zote zile. Alishusha kichwa, akangoja.

Yule muuza ugoro ndiye hakucheka. Alinyanyuka na fimbo yake, akaja hadi kwangu.

"Wewe ni wa nyumba gani?"

"Ya Bibi Wegesa."

Waliojua nyumba yetu wakaacha kucheka. Wakawagusa waliokuwa hawajui, wakanong'ona, na hao nao wakaacha. Bibi kizee, kumbe anamjua, akamgeukia Marwa, na sauti aliyonayo sijui aliiweka wapi katika mwili ule.

"Marwa. Nyumba ya Wegesa ni ya nani?"

"Ya baba mkubwa," Marwa akasema chini chini.

"Kwa hiyo mwana wa nyumba hiyo ni nani kwako?"

"Kaka."

"Na mtoto wa kaka yako kaangalia ukoo mzima, wanaume wote hawa na suruali zao, kaona anayefaa kuwa baba ni punda. Na punda mwenyewe ndiyo umekuja kumtoa akachinjwe! Uso wako utauweka wapi, Marwa?"

"Mama, ni mnyama tu huyu. Mtoto anaropoka."

"Anaropoka? Basi mrekebishe. Mwambie hapa hapa baba yake ni nani, na sisi tusikie."

Hapo Marwa akashikika. Kutaja jina la mwanaume yeyote hawezi, ni mwiko, na watu wa ukoo wamejaa. Kukaa kimya ni kukubali kwamba ukoo wao umezidiwa na punda. Jasho lilimshuka hadi kwenye kola ya shati la kanisani. Akatazama lori, akanitazama mimi niliyening'inia. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akamrudishia mnunuzi pesa zake.

"Nimeshampiga rangi!" mnunuzi akafoka.

"Rangi itatoka," Marwa akasema, akachukua kamba.

Tukashika njia ya kurudi. Tulipovuka barabara akanibeba akaniweka mgongoni kwa Sirari. Tukaenda, tukaenda, hadi akashindwa kujizuia.

"Nani alikuambia huyu ni baba yako?"

"Hakuna. Nilijua mwenyewe."

"Ulijuaje?"

Nikamweleza. Anabeba maji. Analala mlangoni. Mama akiwa na huzuni anamwegemea, na yeye hamkimbii. Marwa alisikiliza huku anatazama njia.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe unakuja siku ya nyama."

Tulipofika mtoni akavua lile shati, akachota mchanga, akaanza kumsugua Sirari alama ya rangi. Ilikuwa rangi ya mafuta, haikutoka. Alisugua hadi nikamwambia aache, anamuumiza.

Bibi aliporudi kutoka hospitali habari zilishamfikia, zimepita njia ndefu na kuongezwa chumvi kila kijiji. Alicheka akishika tumbo kwa mikono miwili. "Nyamazeni, nitafumuka nyuzi! Nyamazeni!" Mama hakucheka. Alitoka nje, na nilipochungulia nilimkuta palepale pake, paji la uso kwenye shingo ya Sirari. Safari hiyo alinivuta na mimi, tukaegemea wote wawili. Baadaye Bibi aliniweka mbele yake, akanieleza habari ya mwanawe ambaye hakumzaa, taratibu, kwa namna mtoto anavyoweza kushika.

"Kwa hiyo Sirari si baba?" nikauliza, machozi yako karibu.

"Si baba yako," Bibi akasema. "Ila hukuchagua vibaya."

Sitawadanganya kwamba Marwa aligeuka malaika. Siku za nyama hakukosa hata moja. Ila alianza kuja na siku zisizo na nyama. Mara kaja kuziba paa, mara kaleta kamba mpya, mara kakaa tu na kubishana na Bibi. Siku mama alipokuwa na homa, nilimwona akishuka mtoni na Sirari, anamwambia songa bana kwa aibu, akitazama kama kuna mtu anayemsikia. Nikamwita baba mdogo. Akaitika kana kwamba jina hilo amezaliwa nalo.

Pikipiki aliipata mwishowe, miaka mingi baadaye, na Sirari akabaki kazi yake ni kukaa kivulini na kuzeeka. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka shule ya bweni asubuhi alipolala nje ya mlango na kushindwa kusimama. Tulimpa maji kwa kiganja, hakuyataka. Kabla jua halijafika kichwani akawa amekwenda, kichwa chake mapajani kwa mama.

Kwetu punda akifa anaburutwa hadi porini, fisi wanamaliza. Majirani walikuja na kamba tayari, kwa wema kabisa. Bibi, mgongo umeshapinda, alivua khanga yake ya juu akamfunika Sirari uso.

"Huyu haburutwi," akasema.

Basi mama na mimi tukachukua majembe. Ardhi ya kiangazi ile, Mungu wangu, ukipiga jembe linakurudia usoni. Tulichimba, mikono ikatoka malengelenge, shimo halifiki hata magotini, na majirani wamesimama hawajui washike wapi, maana kaburi la punda hawajawahi kuliona. Ndipo tukasikia pikipiki. Marwa akaisimamisha, akatazama shimo, akatazama khanga, akavua shati na kulitundika kwenye ua. Akamtoa mama jembe mkononi, akaingia shimoni.

Alipiga jembe muda mrefu. Mtu mmoja wa ukoo wa jirani akapita njiani na ng'ombe wake, akasimama, akashangaa.

"Mura! Marwa! Unamchimbia punda kaburi?"

Marwa hakuinua kichwa.

"Namzika kaka yangu," akasema. "Kama una nguvu, shuka ushike jembe. Kama huna, tupe pole upite. Hapa tuna msiba."